Maji Yaliyo Chini ya Lionja

Uingereza, majira ya baridi

Mke wangu Somoe,

Naomba Mungu waraka huu ukukute mzima, wewe na mama, na kikohozi chake kiwe kimetulia. Mimi ni mzima, ila baridi imenipasua midomo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, hata koti sijavua.

Mtihani wa shahada ya pili nimefaulu, alhamdulillahi. Siku niliyoondoka Nachingwea baba yako aliniuliza, "Hiyo fizikia, mtu akiimaliza anakuwa nani?" Sasa nina majibu matatu, na ndiyo yaliyoninyima raha.

Profesa wangu anataka nibaki kwenye maabara yake, tuendelee kuchunguza jinsi joto linavyopita ndani ya chuma. Ni kazi ninayoipenda, Somoe, nisikufiche. Lakini ni miaka mingine mitatu, pengine zaidi. Pili, kuna kiwanda cha taa za umeme chenye chumba cha utafiti. Hao wangetupa hata nyumba, uje tukae huku. Ila nitakachokigundua kitakuwa siri yao.

La tatu ni idara ya maji huko kwetu Tanganyika. Wanachomeka vyuma ardhini, wanapitisha umeme, kisha wanapima ardhi inavyouzuia. Penye unyevu umeme hupita kwa urahisi kuliko kwenye mwamba mkavu. Hivyo mtu anaweza kukisia maji yalipo kabla hajashika jembe.

Niliitwa kwenye usaili, katika ofisi yao ya hapa Uingereza. Bwana mmoja mwenye mvi akaniambia, "Tutakuchukua uwe msaidizi wa mpimaji. Utafiti wenyewe unafanyika huku."

Nikamuuliza, "Vipimo nitakavyochukua, nani atavifikiria?"

"Utavituma."

"Mimi nimesomea kuvifikiria, bwana."

Akaandika kitu, akaniaga. Nikarudi nikijua nimejiharibia. Kumbe baadaye wakaniandikia: nianze kama msaidizi, lakini ripoti nitaandika mwenyewe, kwa jina langu, mwaka mmoja wa majaribio. Cheo ni kidogo kuliko elimu niliyonayo, na hilo bado linaniuma.

Nilipomweleza profesa, hakukasirika. Aliniuliza tu, "Huko utazungumza fizikia na nani?"

Swali hilo lilinikaa kifuani siku nyingi. Ni kweli. Hapa nikikwama, nagonga mlango wa pili, tunabishana mpaka chai inapoa. Huko nitakuwa peke yangu na vyuma vyangu porini.

Halafu ndipo barua yako ikafika. Unasema kisima mlichochimba hapo kijijini Lionja kimetoa vumbi tu, na mnaendelea kufukua mchanga mtoni. Ukauliza, "Mbona wenzetu wa Narung'ombe wanapata maji, na udongo ni ule ule mwekundu?"

Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Nikachukua karatasi nikaanza kuchora: udongo, mchanga, mwamba, jinsi vinavyoweza kulala tofauti ilhali kwa juu vinafanana. Nilichora mpaka moto ukazimika kwenye jiko. Jibu sina, Somoe. Si kwamba nimelisahau, hakuna aliyewahi kulitafuta. Asubuhi nikaenda kumwambia profesa kwamba nimempata wa kuzungumza naye.

Basi nimetia sahihi, nakuja. Lakini wananipeleka Dodoma kwanza, na huko kusini sijui watanileta lini. Wafanyakazi wa vipimo hulala kwenye mahema, wakihamahama. Nawe una korosho zako na ufuta, na mama hawezi kuachwa peke yake. Kazi nimeichagua mimi. Pa kuishi tuchague sote, wala sitanuna ukisema hutoki Lionja.

Nisalimie mama yangu, umsomee polepole, Kiswahili changu cha kitabu humchosha. Msalimie baba yako, na umwambie mkwewe amekuwa mtafuta maji. Nisalimie dada yangu Hadija wa Naipingo na mumewe. Nisalimie na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha alifu.

Na huko mtoni, kabla sijafika, nitazamie: mnapofukua, mchanga wa juu ya maji una rangi gani? Niandikie. Nimeanza kazi.

Mumeo akupendaye,
Hamisi