Mlango Unaokwaruza Sakafu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nataka habari za goti lako, maana dada aliniambia kwenye simu kwamba unapanda ngazi za duka lako la kutengenezea saa kwa kujikokota, na ukiulizwa unasema goti halina neno. Mama naye kikohozi kimemwacha? Mpe shikamoo yangu na umwambie asijitibu kwa maneno ya majirani, aende akapimwe. Mimi huku ni mzima, nakula, nalala, na chumba changu hakivuji tena tangu mwenye nyumba alipokubali kupandisha fundi juu ya bati. Nisalimie na ule mlango wetu wa mbele. Najua bado unakwaruza sakafu na kuutangazia mtaa mzima kila anayeingia. Sijasahau ahadi niliyompa Mama, kwamba nikiuza picha nitawanunulia mlango mpya unaoenea kwenye fremu yake, tuuchane ule wa zamani kuni. Wala sijasahau kwamba siku ile ulinyanyuka ukaenda zako dukani bila kumaliza chai.

Tafuta miwani yako ukae, barua hii ni ndefu. Mengine yatakuchekesha. Moja halichekeshi, nalo nitalifikia nikishajipa moyo.

Nilikuambia kwamba mwenye ukumbi wa maonyesho amenipa ukuta mzima nitundike kazi zangu. Sikukuambia kwamba alikuja kuzitazama kabla. Alizunguka chumba taratibu, mikono nyuma, akasema zimechorwa vizuri ila zimelala. Akasema mvua zikikatika kabla sijapata kitu kilicho macho, ukuta atampa mwingine. Nilikasirika, Baba, na nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Kwa muda mrefu nilikuwa nachora bakuli lilelile na dirisha lilelile, na dirisha lenyewe linatazama ukuta.

Aliyeniokoa ni mfinyanzi ninayegawana naye chumba cha kazi, mama mmoja mkavu wa maneno ambaye udongo haumtoki kwenye kucha hata akienda harusini. Alisema amechoka kunitazama nimekodoa macho kama ninayesubiri basi. Nichukue ubao wangu, niende sehemu za mji huu ambazo sijawahi kutia mguu, nikae hapo mpaka watu wasahau kwamba nipo, ndipo nianze kuchora. Kisha akanifungulia mlango na kusimama kando, kwa hiyo ikabidi nitoke.

Nikaanza kuzurura. Nilikaa juu ya paa la hospitali, kule shuka zinakoanikwa, nikachora upepo ukizijaza. Nilikwenda karakana ya reli, wanakopaka mabehewa rangi upya. Nikaenda uwanja mmoja wanakouza masinki na vigae vilivyotolewa kwenye majumba ya watu, nikachora masinki yaliyopangwa nyasini yakiwa yamejaa maji ya mvua. Nilirudi na michoro safi kabisa. Kila nilipoitandaza sakafuni mfinyanzi aliipita bila kusimama, na yule akikupita bila kusimama ujue hamna kitu.

Mwisho nikafika mtaa mmoja ulio nyuma ya kiwanda cha sabuni. Ni kichochoro cha nyumba za udongo zilizopigwa lipu, vibaraza vimebanana, na harufu ya sabuni imekolea mpaka unadhani hapo hapachafuki. Kuna kinyozi, kuna fundi viatu, na kuna mama mmoja mjane anayetengeneza miavuli, anaining'iniza kibarazani juu chini mpaka usimwone mwenyewe. Mwisho wa kichochoro umesimama ukuta mmoja peke yake, nyumba yake haipo. Juu ya ukuta huo kuna alama kubwa ya X ya rangi nyekundu iliyopauka, na mkono mmoja wa X unateremka mpaka pale mlango ulipokuwa, unakatika. Niliupenda wekundu ule. Nikaweka kigoda changu nikaanza.

Sasa wewe unajua ninavyochora. Nanyoosha mkono, nafumba jicho moja, napima nyumba kwa penseli, kisha naweka alama kwenye karatasi. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinitania kwamba nawalenga watu shabaha. Mtaa ule ulininyamazia siku ya kwanza. Siku iliyofuata fundi viatu aliniletea kiti chenye mgongo, akafuta vumbi kwa shati lake, na bila kuulizwa akanieleza kwamba kibaraza chake hakijaingia barabarani hata kidogo, kilikuwepo kabla ya barabara. Kinyozi akaniletea soda. Akanisimulia jinsi baba yake alivyoikandika nyumba ile kwa mikono, na jinsi alivyozaliwa yeye kwenye chumba ambacho sasa kina viti vya wateja. Kila mtu alikuwa na nyumba ya kunisimulia. Waliniita afisa, nami nikadhani ni utani wa kawaida, kwa kuwa nina miwani.

Nilichora kwa pupa, Baba. Mkono ulikuwa unanitangulia. Niliporudi na mchoro wa kinyozi akiwa ameegemea ukuta wa baba yake, mfinyanzi alisimama, akapiga magoti, akauliza huyu ni nani. Nikajua nimepata.

Kesho yake kinyozi aliinama karibu na sikio langu akaniuliza, kwa adabu sana, tingatinga litakuja siku gani. Hapo ndipo taa iliponiwakia. Walidhani nimetumwa na manispaa kupima nyumba za kubomoa. Penseli yangu ndiyo iliyowatisha. Neno moja tu lilihitajika, mimi ni mchoraji, na lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini niliona soda mkononi, niliona ile sura yake iliyojaa maneno, nikawaza kwamba nikisema atarudi kunyoa na hadithi zitakwisha. Nikajibu kwamba sijui. Ni kweli sikujua, ila afisa akisema hajui, watu wanaelewa kwamba ni karibuni. Nikaendelea kwenda. Niliwachora wote, na michoro ile ndiyo mizuri kuliko yote niliyowahi kuchora, na nakuomba usinitetee hata moyoni.

Mama wa miavuli peke yake hakuja kunibembeleza. Alinitazama tu kutoka kwenye miavuli yake, akanisalimu, akaendelea kushona. Asubuhi moja nikamkuta amekaa kibarazani, mikono mapajani, na nyuma yake nyumba imeachama. Mlango haupo. Alikuwa ameung'oa mwenyewe. Aliuegemeza ukutani, ameufunga kwa shuka na kamba, bawaba zake kaziweka kwenye kopo la maziwa. Nilipomuuliza amefanya nini, alinijibu bila ugomvi, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Ukuta ni udongo, ubomoeni. Huu mlango alininunulia marehemu. Jirani yangu wa pale mwisho nilimwona akihangaika na mlango wake mgongoni, tingatinga linanguruma nyuma yake, na mtoto analia mgongoni kwa mkewe. Mimi sina nguvu za kukimbia nao, kwa hiyo nimeanza mapema."

Nikageuka nikautazama ule ukuta wa mwisho, na ile X ambayo mkono wake unakatika pale mlango ulipokuwa. Nikaiweka penseli chini.

Nilimwambia kila kitu. Kwamba mimi si afisa, kwamba sijui lolote la manispaa, kwamba nilikuwa natafuta picha, na kwamba nilijua wanavyonifikiria nikanyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akikung'uta vumbi mapajani. Kisha akasema, "Ungeniambia ni mchoraji, mwanangu, ningekusimulia vilevile." Akanyanyuka akaenda kulifuata lile kopo la bawaba.

Tuliurudisha mlango wake siku ileile. Fundi viatu alileta bisibisi, akanitukana kidogo, akanishikia fremu. Kinyozi alisimama upande wa pili wa njia, hakuniangalia, na mpaka leo hanisemeshi. Niliwapelekea michoro yote, kila mtu aamue juu ya wake. Wengine wamekubali itundikwe. Mama wa miavuli amekubali kwa sharti kwamba mlango wake nimwonyeshe ukiwa mahali pake. Kinyozi alikataa, nikamwachia mchoro wake pale kibarazani, na ukumbini nitaacha nafasi yake wazi. Mwenye ukumbi hajafurahia, lakini ukuta amenipa.

Sasa Baba, nifike kwenye lile moja.

Mlango wetu una mstari mwekundu, unaoanzia ukingoni karibu na bawaba na kuteremka mpaka katikati. Tangu utoto tulidhani ni rangi iliyomwagika. Dada aliwahi kuusugua kwa mchanga, ukamkataza, na hukuwa mtu wa kukataza vitu. Tulicheka sana kwamba mtu anayeweza kurudisha nywele ya chuma ndani ya saa ya mkononi ameshindwa kupachika mlango. Tulipouliza kwa nini hauenei, ulisema mlango ni mlango. Tulipouliza tulikaa wapi kabla ya hapo, ulisema tulihama.

Hatukuhama, sivyo? Tulivunjiwa. Mstari ule ni mkono wa X, na sehemu yake nyingine ilibaki kwenye ukuta fulani, na wewe ulibeba kilichobebeka, na yule mtoto mgongoni kwa Mama anaweza kuwa mimi. Simaanishi mtaa ule wa sabuni, ni mbali mno. Namaanisha mahali pengine, ambapo mtu fulani alisimama akatupima. Na mimi nimekaa mezani kwako nikasema tuuchane kuni. Nisamehe, Baba. Naona haya kuliandika na naliandika.

Mlango mpya sitauleta. Mwambie Mama nitamletea kitu kingine, na nitamweleza mwenyewe, ingawa sasa nadhani yeye anajua zaidi yangu na alikuwa anataka tu kusahau. Nitakuja maonyesho yakiisha. Ukipenda kunieleza nyumba ile ilikuwaje, nitakaa kitako nikusikilize. Usipopenda, tutakunywa chai na utaimaliza. Penseli nitaiacha huku.

Msalimie dada na wanawe, na yule jirani anayeazima pasi bila kurudisha. Mfinyanzi anakusalimu ingawa hamjuani, anasema goti ulikande kwa maji ya moto. Nakutakia afya na subira.

Halafu jambo dogo tu. Ule mlango wa mama wa miavuli, tuliourudisha mimi na fundi viatu, hatukuupatia. Sasa unakwaruza sakafu kama wetu.

Ni mimi binti yako mpenzi,

Makaa