Barafu Laini ya Ukingo wa Mashariki

Jumapili, 2 Februari

Nimepima barafu kabla ya kanisa, kama kila siku. Inchi kumi na nne bwawa zima. Imekaza. Tunaendelea kuimwagia maji usiku, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayepaka keki. Jeshi linataka kujua kama lori linaweza kuvuka mto ulioganda bila daraja. Bwawa letu hapa Fridley ndilo mto wa majaribio. Siku ya lori ni tarehe 14.

Dereva ni Baba Neema, Mkongomani wa Uvira. Tunasali naye kanisa moja.

Leo pasta amegawa chumvi ya upako, kila mtu pakiti ya kilo. Aki huyu pasta. Nimeichukua kwa sababu ya macho ya watu. Kwenye maegesho Mama Neema akanishika mkono, analia. Kaka zake wawili walizama Tanganyika, na sasa mume anaenda kuendesha juu ya maji. Nilikuwa na njaa, na baridi inanichoma masikio. Nikampa ile pakiti yangu. Nikamwambia anyunyize mahali mumewe atapita, Mungu atamlinda. Alishukuru mpaka nikaona aibu. Nikaenda kula.

Alhamisi, 6 Februari

Kuna kitu. Ukingo wa mashariki, pale lori litakapoingilia. Keekee ya kutobolea barafu imezama kama kwenye uji. Kwingine kote kugumu. Nimetoboa mara nne. Vihisi vya majini navyo vinasema maji ya pale si maji matupu.

Nimechovya kidole nikaonja. Chumvi.

Haiwezekani. Bosi alikataza chumvi kiwanja kizima tangu Novemba, maana inayeyusha barafu. Hata ngazi za ofisi tunamwagia mchanga. Kwa hivyo imeletwa. Mtu ameileta kwa mkono wake.

Ijumaa, 7 Februari

Nimefika mapema, nikakaa ndani ya gari na taa zimezimwa. Saa moja kasorobo, gari la kina Baba Neema, lile la kijivu, limesimama kwenye uzio wa mashariki. Si langoni. Kwenye uzio. Mwenyewe akashuka, akatembea kuelekea langoni. Gari likabaki dakika tano nzima. Vioo vyangu vina ukungu, na upande wa uzio umefichwa na gari lao, sikuona kitu. Nimepiga picha.

Halafu nimekumbuka. Kila asubuhi ananiuliza, "Leo inchi ngapi?" Kila asubuhi! Dereva anataka inchi za nini? Wengine wanauliza mechi iliishaje.

Jumatatu, 10 Februari

Pamezidi kuoza. Upana wa meza. Gurudumu la mbele likiingia pale, lori linapiga pua majini, na chini ni mita nne.

Nimemchunguza kutwa. Anakula peke yake. Anasalimia kwa mikono miwili, hata vijana. Mtu mwenye adabu kupita kiasi huwa ananitia shaka, nimeumbwa hivyo. Swali moja linanisumbua: ni yeye atakayekuwa ndani ya lori. Nani anajichimbia shimo lake? Labda analipwa. Labda siku yenyewe atajifanya mgonjwa. Tulipoajiriwa tulifundishwa: ukiona, sema.

Nimeandika barua kwa bosi. Nimeifuta. Nimeandika tena.

Jumanne, 11 Februari

Nimetuma, na picha.

Saa nne wamemwita Baba Neema. Saa tano amerudisha beji. Amevua buti za kazi, akazipanga pamoja mlangoni, vidole vikitazama ukuta. Ametoka na viatu vya kanisani kwenye theluji. Karatasi zake za uraia bado hazijatoka. Kesi ya jeshi ikimshika, kwisha yeye.

Nilikuwa dirishani. Nilijiona shujaa kama saa moja hivi.

Jumatano, 12 Februari

Siwezi kukaa chini. Naandika nimesimama jikoni.

Mama Neema amekuja. Tunakaa jengo moja hapa Brooklyn Park, yeye ghorofa ya chini. Nilidhani amekuja kunitukana. Nilijiandaa kabisa, mikono kiunoni. Akatoa pakiti tupu, imekunjwa vizuri.

"Dada, ile munyu ulinipatiaka imeisha juzi," akasema. Munyu ndiyo chumvi yao. "Jana bakamufukuza bwana yangu. Uniongezee kidogo."

Nikamuuliza alikuwa anainyunyiza wapi. Ngai, nilijua kabla hajajibu.

Kila asubuhi akimshusha mumewe alikuwa anangoja aingie langoni. Kisha anashuka, anaomba, anarusha kiganja kimoja juu ya uzio. Mahali atapita. Kama nilivyomwambia. Tena akaniambia kwa fahari kidogo kwamba hata serikali ya hapa inamwaga munyu barabarani ili magari yasiteleze, kwa hiyo alijua ni dawa mara mbili. Mumewe hajui lolote.

Chumvi ni yangu. Maneno ni yangu. Barua ni yangu.

Mjinga mkubwa mimi. Miaka tisa kwenye barafu, nampa mke wa dereva kilo ya chumvi na kumwelekeza aimwage wapi. Halafu naenda kutafuta jasusi. Sikumwambia ukweli wote pale mlangoni. Nilimwambia aende alale, kesho nitasema kazini.

Alhamisi, 13 Februari

Nimesema. Bosi akauliza, "Na chumvi ilitoka kwa nani?" Ningeweza kusema kanisani, ingekuwa kweli nusu. Nikasema kwangu.

Nimepewa onyo la maandishi. Limeingia kwenye faili. Sawa tu. Baba Neema amerudishiwa beji. Barafu mbovu tunaikata kwa msumeno, tunagandisha maji safi upya. Jaribio limesogea wiki moja.

Jioni nikashuka ghorofa ya chini. Niliwaambia wote wawili, nimesimama, kofia mkononi. Mama Neema alijifunika uso kwa kitenge, akaingia chumbani. Hilo limeniuma kuliko onyo. Baba Neema akauliza leo ni inchi ngapi. Nikavaa kofia, nikapanda ngazi kurudi kwangu.

Ijumaa, 21 Februari

Kweupe, hakuna upepo. Asubuhi nilimwekea buti zake karibu na hita. Alizivaa, akakaza kamba.

Mpimaji hubaki nchi kavu na mashine zake. Nimeomba kupanda lori. Bosi akanitazama, akakubali. Milango imeng'olewa, mikanda hatufungi, ili mtu aweze kuruka. Tumevaa maboya.

Mama Neema alikuwa nyuma ya uzio. Ametoa mikono yote miwili mifukoni, ameiinua kidogo niione. Mitupu.

Baba Neema akawasha injini. Hakunitazama.

"Leo inchi ngapi?"

"Kumi na sita. Mashariki pia. Nimepima mara tatu."

Akaweka gia.