Redio ya Gari la Baba

Fagernes, Februari 2018

Kaka yangu mpendwa Sjur,

Salamu nyingi kutoka shambani. Je, kile kikohozi kimekuachia, au bado kinakusumbua huko baharini kwenye mitambo ya mafuta? Sisi ni wazima. Theluji imefika madirishani, na mchana ni mfupi hata naona kama tunaishi ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Umeniuliza kama Baba huwa anakutaja, ili ujue uje Pasaka au usije. Nitakujibu, ila kwanza nikusimulie habari za gari.

Tangu ulipokataa kurithi shamba, naye akaapa jina lako lisitamkwe mezani, Baba amezoea kuketi garini kila jioni. Haendi popote. Gari limesimama uani, yeye anasikiliza redio. Sasa mwaka jana serikali ilipozima mawimbi ya zamani ya FM ili redio zote ziwe za dijitali, gari likawa bubu. Baba akawa anazungukazunguka uani, chakula anakiacha. Nikamwambia jikoni tuna redio mpya ya dijitali, akasema hiyo ina sauti ya bata. Nikamnunulia kile kidude cha kunasia mawimbi mapya, cha kubandika kwenye kioo, akakibandua siku hiyohiyo akinung'unika kwamba gari lake si mti wa Krismasi. Alitaka sauti itoke kwenye redio ya gari lenyewe, kwa vitufe vya usukani ambavyo kidole gumba chake kinavijua, maana macho yamechoka.

Basi nikamwita Halldis, fundi umeme wa magari. Alimcheka sana Baba kwa uchaguzi wake, akamuuliza, "Mzee, unatengeneza redio au unaoa?" Alificha kisanduku cha kupokea mawimbi mapya nyuma ya droo ya mbele, akabandika antena nyembamba kama utepe pembeni mwa kioo, kisha akachomeka kompyuta yake ili gari litambue kwamba sasa lina kitu kipya. Nilimshikia tochi. Theluji ilikuwa ikianguka polepole juu ya kioo, na majina ya stesheni yakaanza kuchomoza kwenye skrini, moja baada ya jingine. Nilifurahi kama mtoto. Baba aligeuza uso, akasingizia mafua.

Wiki iliyopita ilivuma dhoruba. Nikampelekea kahawa, nikafungua mlango wa gari, akaninyamazisha kwa mkono. Mtangazaji alikuwa akisoma hali ya upepo baharini. Sjur, sisi ni watu wa milimani, hatuna hata mtumbwi! Baba aliukamata usukani kwa nguvu mpaka ikafikiwa sehemu ya bahari ulipo wewe. Wakasema upepo utatulia usiku. Akashusha pumzi, akasema taratibu, "Haya. Leo atalala." Kisha akanikumbuka, akanifokea, "Funga mlango huo, baridi inaingia!"

Kwa hiyo jibu langu ni hili: hajakutaja, hata mara moja. Lakini kila jioni hutoka kwenye baridi kwenda kusikiliza upepo wa mahali unapolala, na jikoni hawezi kwa sababu mimi nipo. Nililia, Kaka, nikaisahau kahawa mkononi.

Hajui kwamba nakuandikia. Usimpigie simu, atakana yote. Njoo tu.

Wasalimie wenzako wote, na uvae zile soksi za sufu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Oddrun