Mama mkwe wa afisa wa ardhi

Alhamisi, Machi 1976

Bado nacheka peke yangu, na kesho lazima niandike kumbukumbu za mkutano kwa Kiswahili cha heshima.

Serikali inataka malisho yetu ya mtoni hapa Malaba yawe kituo cha malori. Wazee hawakukataa. Waliomba tu njia ya ng'ombe kufika majini iandikwe kwenye mkataba. Mara tatu afisa wa ardhi amesema, "Wazee, hiyo haiwezekani."

Afisa ni mtu wa Matayos, lakini ameoa hapa kwetu, kijiji cha Moding. Leo wazee wakamleta mama mkwe wake awe msemaji wetu. Mama akaketi mbele kabisa.

Kwetu mtu hakai uso kwa uso na mama mkwe, sembuse kubishana naye. Afisa aliinuka polepole, akaenda kusimama nyuma ya gari la serikali. Mimi karani nikawa wa kupeleka maneno.

"Mwambie mkwe wangu njia iwe na upana wa hatua ishirini," mama akasema.

"Mwambie mama nimekubali," gari likajibu.

Akatia sahihi hukohuko, karatasi ikiwa juu ya tairi ya akiba.

Sasa naogopa. Wakubwa wake wakisikia watamhamisha, watuletee mwingine. Nilimweleza Mzee Omuse, mwenyekiti wetu. Hakushtuka hata kidogo. Aliniuliza tu kama binti yangu, yule mwalimu wa Amagoro, bado hajaolewa.