Maneno ya Mama Niliyokuficha

Mwamapalala, Itilima
14 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Sista Mektilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile jino lililokusumbua wakati wa mafungo umekwisha kuling'oa. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Flora anakusalimu, watoto wanakusalimu, na jirani yetu Mama Shija amesema nikuandikie mwangaluka ya asubuhi hata kama utaisoma jioni. Pamba haikuwa mbaya mwaka huu. Mvua bado tunaiangalia tu, inaishia upande wa ziwani.

Barua yako niliipokea kwa mkono wa Mwalimu Josia. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili nimekaa. Unasema imebaki miezi miwili uweke nadhiri za daima, nawe tangu mwaka jana ukipiga magoti huoni kitu, husikii kitu, na zaburi unazisoma kama mtu anayesoma tangazo la mkutano wa kijiji. Unasema umekwisha kumwandikia Mama Mkuu kuomba kuondoka, ila barua hujaipeleka kwa sababu unamwonea haya marehemu mama yetu. Mtoto wa mwanamke mwenye imani ile, umeandika, hawezi kusimama mbele ya altare akaahidi kwa moyo mkavu. Afadhali urudi nyumbani kuliko kumdanganya Mungu.

Nimekaa siku sita kabla ya kushika kalamu, na siku zote hizo nimekuwa namkumbuka Mama.

Unazikumbuka Jumapili zetu? Tulitoka nyumbani jua halijachomoza, Mama mbele na kitenge chake cha akina mama wa kanisa, WAWATA, viatu ameshika mkononi. Tukifika kwenye ile mbuga ya udongo mweusi, wewe ulipanda mgongoni kwangu. Viatu alivivaa mlangoni pa kanisa tu. Na Oktoba kama hii, jumuiya ikija kusali rozari kwetu, watu walikaa juu ya ngozi na viroba, ng'ombe wanacheua nyuma ya ua wa minyaa. Mama aliongoza kwa Kisukuma kwa ajili ya bibi, na sauti yake haikuyumba hata ulipomlalia mapajani ukaanza kukoroma kwenye tendo la tatu. Asubuhi ulimwambia kila mtu kwamba ukikua utasali kama Mayu, kama Mama. Natamani mara nyingi nirudi pale hata kwa saa moja, nikae tu nisikilize.

Siku ya mazishi padre alihubiri juu ya moto uliokuwa ndani yake. Wewe, ungali novisi, ulinishika mkono ukaniambia moto huo ndio uliokupeleka utawani. Hapo ndipo nilipofunga mdomo. Mdogo wangu, kuna jambo nimekuficha miaka minne.

Wiki moja kabla hajafariki, mchana, Mama aliniomba nisali naye rozari. Kwenye kumi la pili akanisimamisha. "Januarius, nikuambie kitu, usinishangae," akasema. "Tangu baba yenu afariki, nikisali sisikii chochote. Utamu hakuna, machozi hakuna." Nilidhani ni homa, nikamwambia apumzike. Akanikazia macho, akasema imefika miaka kumi na tisa na kwa muda mrefu alijua ametupwa na Mungu. Mara mbili alikwenda Bariadi kwa paroko kujieleza. Wa kwanza alimwambia avumilie. Aliyekuja baadaye alimsikiliza tu mpaka akamaliza, na huyo ndiye aliyemsaidia zaidi.

Nilimuuliza, tena kwa hasira, kwa nini basi aliendelea. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Si nilikuwa nimeahidi? Halafu nilimgombeza sana Mungu, mwanangu. Kila siku nikichuma pamba namgombeza. Sasa ningekuwa namgombeza nani kama hayupo?"

Alipopumua vizuri akaongeza: "Mwambie Mektilda. Si leo. Siku akichoka."

Sikukuambia. Niliogopa utaacha utawa, na nilimwonea Mama aibu kana kwamba nimemkuta bila nguo. Mimi mwenyewe nilichukia. Karibu mwaka mzima nilikaa benchi la nyuma, na wakati wa komunyo nikatoka nje kujifanya naangalia baiskeli. Nilijiona nimedanganywa utoto wangu wote. Flora aliona, na kila Jumapili aliniwekea shati lililopigwa pasi.

Kisha siku moja nikawa namfundisha binti yetu Monika ishara ya msalaba. Nilimshika mkono, nikaupeleka kwenye paji la uso, na katikati ya lile jina la Baba nikakumbuka Mama akikufundisha wewe, mahali palepale penye kizingiti. Nikapiga hesabu ya miaka. Baba alipofariki ulikuwa na miaka minne. Mimi nilimwahi Mama yule aliyesali huku machozi ya furaha yanamtoka. Wewe hukumwahi. Kila sala uliyojifunza kwake, alikufundisha akiwa mkavu kama ulivyo leo, na huyo unayemwonea haya ndiye aliyekulea.

Sikuandikii haya ili nikufunge huko. Nadhiri ni zako, na ukirudi, Flora amesema atakupokea bila swali. Ninachoomba ni unisamehe kwa kukaa na maneno yako muda wote huu. Yalikuwa mali yako, nami nimekucheleweshea.

Wasalimie masista wote, hasa yule mzee wa jikoni anayependa michembe ya viazi vikavu. Nimempa Josia kifurushi chake. Flora na Monika wanakukumbatia. Jioni ya leo rozari ya jumuiya iko kwetu, na kumi la kwanza nitaliongoza kwa ajili yako, nisikie kitu au nisisikie.

Wabeja sana kwa kuniandikia ukweli wako.

Ni mimi kaka yako,
Januarius Mahona