Baba, Kalamu ya Kinyozi Ilifika

Baba, mwaka umetimia tangu walipokuua kwa mawe na mikanda, barabarani, mchana kweupe, kwa sababu mtu mmoja alipiga kelele, "Mwizi huyo!"

Hukuwa mwizi. Ulikuwa fundi wa kalamu za wino, na mtaa mzima ulikuita Bwana Taratibu. Mama alizoea kukutania, "Huyu hata chai anainywa kama anafungua skrubu." Ulicheka bila sauti. Hata kutukanya watoto wako, ulitukanya kwa kunong'ona.

Siku ile mzee kinyozi alikuja kuchukua kalamu aliyoachiwa na marehemu mkewe. Mkapiga soga, akaondoka na mwavuli wake, kalamu akaisahau mezani. Ukatoka mbio kumfuata. Yeye hasikii vizuri, na wewe hukuwahi kujua kuita mtu kwa sauti. Watu wakaona mwanamume anakimbia kimya, kitu kinang'aa mkononi. Muuza nyama ndiye aliyepiga kelele, na ndiye aliyerusha jiwe la kwanza. Walikupasua kichwa. Walikukanyaga mkono, na mkono haukuiachia kalamu.

Kalamu ililetwa nyumbani pamoja na mwili wako, damu yako imeganda shingoni mwake, pale inapofungukia. Kaka akainyakua, akachukua plaizi.

"Hii ndiyo iliyomuua Baba. Naisaga!"

Binti yako wa mwisho, yule anayejificha jikoni wageni wakija, alimrukia akamng'ata mkono mpaka plaizi ikaanguka. Kaka akamzaba kofi, damu ikamtoka puani.

"Nipishe, we mtoto!"

"Ukiivunja, Kaka, watasema kweli aliiba. Mwenye mali utamrudishia nini?"

Kaka akakaa chini pale pale, akaangua kilio.

Binti akaketi kwenye kiti chako. Alifanya ulivyomwonyesha tangu alipoacha shule akawa anakaa karibu nawe. Aliloweka nibu, kile chuma cha kuandikia, kwenye maji baridi, akamwaga mekundu, akamwaga ya buluu, mpaka yakawa meupe. Shingo akaipasha juu ya balbu ya taa, akiigusisha shavuni isije ikazidi joto, maana kalamu za zamani hupinda upesi. Akaishika kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akazungusha kidogo. Ikagoma. Akaiacha ipoe, akaipasha tena.

"Vuta sasa!" Kaka akasema, mkono umevimba alama za meno. "Vuta kwa nguvu, unaibembeleza ya nini?"

"Kaka, nenda nje ukapasue kuni."

Alikwenda. Tulisikia shoka likipiga, na kila pigo akitaja jina la muuza nyama. Ndani, damu iliyoganda ikalainika, na shingo ikazunguka bila ufa. Kifuko cha mpira cha wino kilikuwa kimepasuka kwa kukanyagwa, akatia kingine. Nibu iliyopinda akainyoosha kwa ukucha, pole pole, hadi ncha zake mbili zikalala sawa. Ikaandika.

Kisha akatoka nayo, Baba. Peke yake, ameinyanyua juu ya kichwa, katikati ya barabara ile ile. Vijana wa kijiweni wakamzomea, "We bubu, unapeleka wapi hiyo?" Hakugeuka. Alipofika mlangoni kwa kinyozi, alipaza sauti mpaka watu wakatoka madukani:

"Mzee, kalamu yako! Uliisahau! Baba alikuwa anakuletea!"

Kinyozi alisikia. Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya mtoto. Kijiweni hakuna aliyecheka tena. Muuza nyama naye alisikia. Akateremsha lango la duka lake, nyama zikiwa bado zinaning'inia ndani.

Unakumbukwa na mkeo, mwanao mkubwa, mimi wa kati ninayeandika haya, binti yako wa mwisho, na mzee kinyozi, ambaye ameomba aandikwe pamoja na ndugu.

Baba, tutakukumbuka maisha yetu yote.