Mama alibonyeza mwavuli, jirani akanyimwa maji

Mpendwa Dada Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba pia jina langu lisionekane gazetini, kwa kuwa huku milimani gazeti moja husomwa na nyumba kumi kabla ya kufungiwa tangawizi. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na minne, nilimaliza darasa la kumi, natunza stoo ya ushirika wa wakulima, na kila siku kabla ya kulala huandika shajara yangu kwa tarehe, kwa hiyo nitajaribu kukueleza mambo kwa mpangilio wake ingawa moyo wangu hauna mpangilio wowote.

Mwezi wa Oktoba, uchaguzi wa bunge la jimbo ulipotangazwa, kijiji chetu cha Dhamoti kilikusanyika uani kwa mungu wetu wa kijiji tukala kiapo cha chumvi. Kila mtu alichukua chumvi, akaitia ndani ya mtungi wa shaba wenye maji na kusema, "Nikigeuka, niyeyuke kama hii," na tukakubaliana kwamba kura zetu zote ni za Ranjot Singh, aliyetuahidi barabara. Usituone wajinga, Dada. Mzee Chaitu, mkuu wa baraza letu, alimpoteza mkwe wake mwaka juzi akiwa na mimba, tukimbeba kwenye kiti kuteremka mlima wakati wa mvua, na mimi nilikuwa nimeshika mguu mmoja wa kile kiti alipokata roho. Kwa hiyo barabara kwetu si maneno ya jukwaani.

Familia ya Jhinku, mpiga ngoma wetu, nayo ilikula kiapo, ila wao, kwa kuwa ni wa tabaka la chini, hawaingii uani, kwa hiyo walisimama nje ya ukuta, na chumvi yao ilitiwa na mtu mwingine kwa niaba yao, maana mkono wao haugusi ule mtungi. Ndivyo tulivyoikuta desturi na sikuwahi kuifikiria mpaka mwezi huu.

Sasa shida ilianzia hapa. Ranjot miaka yote aligombea kwa alama ya mwavuli, lakini safari hii chama kilimnyima tiketi, kikampa mpinzani wake Melaram, naye Ranjot akasimama kama mgombea huru na akapewa alama ya cherehani, na mwavuli ukabaki kwa Melaram. Baraza likaona hatari, likaniteua mimi, kwa sababu nimesoma, nipite nyumba kwa nyumba na picha ya cherehani kuwafundisha watu, hasa wazee wasiojua kusoma. Nilipita. Nyumba nyingine nilikuta wazee wamekwenda malishoni nikawaachia vijana picha waje kuwaeleza. Na nyumba yangu mwenyewe sikufundisha, kwa kuwa nilirudi nimechoka na mama alikuwa amelala, na kesho yake nikaona haya kumkalisha mama yangu chini kama mtoto wa shule, nikajiambia ameshasikia, nani hajasikia.

Siku ya kura nilimbeba mama mgongoni mpaka shuleni, kwenye kituo, maana ana miaka sabini na tisa na magoti yamekataa. Alipotoka alikuwa anacheka, amenyoosha kidole chenye wino, na tulipofika penye miti ya misonobari akaniambia sikioni, "Mwanangu, mwaka huu hawakunihangaisha hata kidogo. Mwavuli wa Ranjot ulikuwa juu kabisa kwenye mashine. Nimeubonyeza mpaka ukalia piii."

Nilisimama. Akaniuliza, "Nimekuwa mzito?"

Nikasema, "Hapana mama, vema."

Hilo ndilo neno nililosema. Na usiku ule katika shajara niliandika hali ya hewa tu.

Kura zilihesabiwa mwezi wa Desemba. Unajua zinavyohesabiwa, mashine ya kila kituo peke yake, kwa hiyo kila kijiji kinajulikana kilivyopiga, na kituo chetu ni chetu peke yetu. Mashine ya Dhamoti ilitoa kura zote cherehani isipokuwa nne, na hizo nne ni mwavuli. Na kiti chenyewe cha bunge, Dada, cha vijiji vyote vya mabonde matatu, Ranjot alikikosa kwa kura tisa.

Jioni ileile Mzee Chaitu aliita baraza uani. Alisema nyumba ya Jhinku ina wapiga kura wanne, Jhinku, mkewe Bimla, mama yake na kijana wake, na mashine ina kura nne, na akainua vidole vinne vya mkono huu na vinne vya mkono huu akavibandika pamoja, akasema, "Mnataka hesabu gani nyingine?"

Jhinku alikuwa nje ya ukuta. Akaapa, "Bwana, kwa ngoma hii iliyomlisha baba yangu, nilibonyeza cherehani."

Mmoja wa vijana akapaza sauti, "Cherehani utaijulia wapi wewe, na suruali yako imefungwa kwa kamba!" Watu wakacheka, na mimi nilitabasamu, sijui kwa nini, uso ulikwenda wenyewe.

Bimla hakucheka. Alisema, "Chumvi yetu mliitia nyinyi. Kama haikushika, muulizeni aliyeitia."

Hapo ndipo palipoharibika, maana Chaitu alilidaka neno lilelile akasema, kumbe ndiyo sababu, mkono wao haukuingia majini, ndiyo maana kiapo hakikuwashika, watu wa namna hii tuliwaamini kwa nini. Wakatengwa. Hawachoti kwenye chemchemi, wanashuka mpaka mtoni, na mto umeanza kuganda kandokando. Hakuna anayewauzia unga, hata mimi stoo nimeagizwa nisiwauzie, na sijawauzia. Binti yao Dropti anaolewa tarehe 24 Januari, na baba wa bwana arusi ameshatuma mtu kusema kwamba hachukui binti wa nyumba iliyofungiwa maji, baraza liwasafishe kwanza au arusi ife.

Juzi Jhinku alinisubiri nyuma ya stoo. Hakuja mlangoni. Aliniambia, "Bwana, picha ulinionyesha wewe mwenyewe. Nilikujibu nini?"

Nikasema, "Ulinijibu cherehani."

"Ukaniuliza tena?"

"Nikakuuliza tena."

"Basi waambie hayo tu. Sikuombi kingine."

Nikamwambia, "Nitaona." Akainama kunishukuru, Dada. Kwa neno hilo alinishukuru.

Kinachonifunga mdomo ni mama. Yeye hajui. Anaamini kiapo cha chumvi kuliko anavyoamini dawa. Tangu matokeo, kila jioni akiwa karibu na moto, mke wangu anapopika mikate, mama hunyoosha kile kidole, wino umebaki kidogo kwenye ukucha, na kusema, "Aliyevunja chumvi ayeyuke, yeye na kizazi chake, asibaki wa kuwasha taa." Mimi ndiye kizazi chake. Mdogo wangu huitikia, "Na iwe hivyo." Mke wangu huitikia. Mimi nasogeza kuni. Moyo wake ni mbovu, daktari alikwisha kusema asishtuliwe, na nikimwambia kwamba laana anayoitoa inaujia mlango wake mwenyewe, nahisi hatafika asubuhi. Nikinyamaza, Dropti haolewi, na watu wale wanaweza kuondoka kijijini katikati ya theluji na ngoma zao. Nikisema barazani, jina la mama linatupwa njiani, na sisi vilevile tuko wanne nyumbani: mama, mimi, mke wangu na mdogo wangu. Nimfiche mama yangu au nimwokoe Jhinku? Nijibu upesi. Naandika haya tarehe 9 Januari, theluji imeanza.

Mwana wa mama mmoja, Dhamoti

*

Mwana wa mama mmoja,

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisoma nimesimama. Nakuonea huruma kwa yule mama uliyembeba mgongoni. Hapo hapo huruma yangu inakoma.

Tuanze na chumvi, kwa kuwa ndiyo inayokutisha. Mama yako hakuivunja. Aliapa kumpa Ranjot, na kidole chake kilimwendea Ranjot. Picha ndiyo iliyohama nyumba, na mtu aliyetumwa kumwambia kwamba imehama alikuwa wewe. Ulipita mlango wa kila mtu ukaruka wako. Usimbebeshe mama kosa la mwalimu.

Pili, nyinyi wote barazani mlishindwa hesabu isiyohitaji hata darasa la kumi. Ranjot alikosa kwa kura tisa. Zile nne zingehama kutoka kwa Melaram kwenda kwake, tofauti ingepungua kwa nane, na bado angeshindwa kwa moja. Barabara yenu haikuzamishwa Dhamoti. Ama hii ya nne na nne, nyumba zenye wapiga kura wanne hapo kijijini ni ngapi? Yako ni mojawapo, umeiandika mwenyewe. Kwa nini vidole vya Chaitu havikuelekea kwako? Unajua kwa nini. Mliikataza mikono ya watu wale isiguse maji ya mtungi, leo mnawaadhibu kwa kuwa hawakuyagusa, na adhabu yenyewe ni kuwanyima maji. Bimla aliwaambia ukweli mkaugeuza kuwa ushahidi dhidi yake.

Chaitu ana kidonda, na nina hakika hakifungi. Lakini mtu anayeomboleza akipewa rungu si lazima umwonyeshe pa kupiga.

Na wewe, ndugu yangu, kura moja kati ya nne ni ya mama yako. Tatu ni za nani? Umeandika kwamba wazee wengine hukuwafundisha, uliwaachia vijana picha. Hukujiuliza? Pengine ziko nyumba nyingine tatu ambamo bibi au babu anamlaani mvunja chumvi kila jioni kwa kidole kilichobonyeza mwavuli. Kijiji kizima kinajilaani kwenye moto wake wenyewe, na mtu anayekaa mtoni ni Jhinku.

Unasema unaogopa kumwua mama. Sikatai kwamba moyo wake ni mbovu. Lakini chungua vizuri, usije ukakuta umejificha nyuma ya kitanda cha mgonjwa. Lipo jambo linalotisha kuliko mama kujua: ni mama kufa akiwa ameilaani nyumba yake kwa mdomo wake, kila jioni, na mwanawe ameketi pale akimwongezea kuni.

Sasa fanya hivi. Mwambie mama kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, mchana, ameshakula, na mhudumu wa zahanati awe karibu. Usianze na laana, anza na cherehani. Mwambie, "Mama, mimi nilikukosea, sikukuonyesha picha." Anza na kosa lako, ndipo atakapofika kwenye lake akiwa amekushika mkono. Mwanamke aliyeishi na kiapo hiki miaka sabini na tisa anajua pia namna ya kukitengua kwa heshima. Usimdharau kwa kumlinda.

Kisha nenda barazani usiwataje wazee. Jitaje wewe. Sema, "Mlinituma kazi sikuimaliza." Waombe wazee wote wasiojua kusoma waulizwe mmoja mmoja, kwa upole, alama ya Ranjot ni ipi, na utasikia mwavuli ukitajwa zaidi ya mara moja. Sema pia kwamba Jhinku alikujibu cherehani mara mbili. Hayo ndiyo aliyokuomba, na ulimjibu "nitaona" kana kwamba alikuomba ng'ombe. Wakikataa kusikia, nenda kwa hakimu wa wilaya. Kura ni siri, na kumfungia mtu maji kwa sababu yake ni kosa la jinai, hata likifanywa uani kwa mungu. Na stoo, ifungue kesho. Unga si wa Chaitu.

Nina neno moja zito la kumalizia. Theluji ilifunga njia, barua yako ikakaa kwenye mfuko wa posta bondeni, nami nimeipata tarehe 23. Nilipiga simu ya ushirika wenu jioni ile na nyingine asubuhi yake, haikupokewa. Gazeti hili linatoka Ijumaa. Kwa hiyo unaposoma hapa, tarehe 24 imeshapita, na ama Dropti amekwenda kwa mumewe, ama ameketi nyuma ya mlango wa baba yake na nguo nyekundu za arusi zimekunjwa. Mimi sijui ni lipi. Wewe unajua, na ukweli wa ile kura uliujua tangu njiani penye misonobari.

Usiseme basi kwamba yamepita. Kukunja gazeti hili ni kazi ndogo. Chukua mtungi wa nyumbani kwako, ule mama anaonywea, uujaze kwenye chemchemi mchana watu wakiona, uupeleke mlangoni kwa Jhinku. Akikufukuza, uache pale. Akikufungulia, mwambie Bimla anywe kwanza, nawe unywe baada yake.